Sifa ya Dereva Wetu: Historia ya Land Rover la Shule

Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike makala juu ya historia ya shule, nadhani alitazamia nitaandika habari za wakuu wa shule waliopita, au vikombe vya mpira, au jinsi mabweni yalivyopata majina yake. Wenzangu wamekwisha kuyaandika hayo katika matoleo yaliyotangulia, na wameyaandika vizuri. Mimi nimechagua kuandika juu ya kutu. Naomba msomaji asitupe jarida kabla sijafika mwisho, kwani katika kutu hiyo limo jambo la shule yetu ambalo halijapata kuandikwa kwa haki, na mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Ndugu zangu mliosoma hapa katika miaka ya sabini hamna haja ya kuelezwa juu ya Land Rover lile refu, lenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ninyi vijana mlioko shuleni leo hamkulikuta, hivyo nawajulisha. Lilikuwa la muundo wa Series IIA, uliotengenezwa kati ya mwaka 1961 na 1971, nalo lilikuja shuleni likiwa jipya, wakati ambapo siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikuwa imezitaka shule zote zilime na zizalishe. Gari hilo ndilo lililobeba mahindi kutoka shambani, nazi, kuni za jikoni, na timu ya mpira pamoja na washangiliaji wake. Usiku lilibeba wagonjwa. Wapo wasomaji wa jarida hili ambao wako hai leo kwa sababu gari hilo liliwaka usiku fulani wa masika.

Dereva wake alikuwa mtu wa Kilwa, mwana wa nahodha wa jahazi. Sisi wanafunzi tulimwita Mzee wa Sifa. Mgeni akisikia hivyo alidhani mzee anapenda kusifiwa, kumbe hapana. Sifa tuliyoikusudia ni yale mafuta ya ini la papa ambayo watu wa pwani huyapaka mbao za jahazi zisile maji wala kupasuka kwa jua. Chini, panapokaa majini, jahazi hupakwa deheni ya chokaa na shahamu. Juu yake hupakwa sifa. Anayeijua harufu ya sifa haisahau mpaka kufa kwake.

Kila mwaka kabla ya masika mzee alilipeleka gari chini ya mwembe, akaliinua juu ya magogo, akakwangua tope lote la chini na kuliosha kwa maji ya kisima. Kisha aliliacha likauke siku mbili nzima. Ndipo alipochanganya sifa na oili chafu ya injini, akapaka chini kote kwa brashi ya katani. Tena alikuwa na kopo alilolitoboa na kulitia mrija, na kwa kopo hilo aliyamimina mafuta hayo ndani ya chesisi, kupitia matundu ambayo kiwanda kiliyaacha. Mwanafunzi aliyekuwa na adhabu alipelekwa kumshikia kopo. Nilimshikia mara mbili. Ya pili nilimwuliza kwa nini anahangaika na mahali ambapo hapana mtu atakayepaona.

"Mwanangu," akanijibu, "jahazi la baba yangu lilikuwa la mbao, na hili ni la chuma, lakini adui yao ni mmoja. Maji ya chumvi hayaingii mlangoni na kupiga hodi."

Basi gari lilinuka. Darasa zima lilijua gari limerudi kutoka mjini kabla ya kusikia mlio wake.

Hapa sina budi kurudi nyuma kidogo, nieleze chuma chenyewe, kwa maana bila hivyo kisa changu hakitaeleweka. Land Rover ni mtoto wa uhaba. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, chuma kilikuwa kwa mgawo nchini Uingereza, na viwanda vilivyouza bidhaa nje ndivyo vilivyofikiriwa kwanza. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na katika shamba hilo alitumia jipu la Kimarekani lililobaki vitani. Mwaka 1947 akawaza kutengeneza gari la namna hiyo kwa wakulima, na tarehe 30 Aprili 1948 likaonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu, bodi ilifanywa kwa alumini iliyochanganywa na magnesi kidogo. Lakini chesisi, yaani uti wa mgongo wa gari, pamoja na ukuta unaotenga injini na dereva, vilibaki kuwa vya chuma.

Matokeo yake ni gari lenye uso wa kijana na mifupa ya mzee. Alumini inapoguswa na hewa hujivika ngozi nyembamba ngumu, na ngozi hiyo huilinda. Chuma hakina bahati hiyo. Kutu yake ni ya vinyweleo kama sponji, hushika maji na kuyapeleka kwenye chuma kizima kilicho chini yake, na huvimba ikachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo sababu mbati mbili zilizobanana hufumuliwa na kutu katikati yake kama kabari inavyopasua gogo. Chumvi huharakisha kazi hiyo. Na pale alumini inapokutana na chuma pakawa na unyevu wa chumvi, ni alumini inayoanza kuliwa, ikageuka unga mweupe. Chesisi ya Land Rover lile ilikuwa boksi refu la mabati ya unene wa takriban milimita 2, yaliyochomelewa kingoni. Boksi hilo huoza kutoka ndani kuja nje. Mtu anayelitazama kwa nje huona rangi nzuri mpaka siku ya mwisho.

Sasa nifike mwaka 1980. Nilikuwa Kidato cha Tatu. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda kwa mara ya pili. Fedha za kigeni hazikuwapo. Vipuri vilikuwa ndoto. Sabuni yenyewe ilipangiwa foleni. Magari yaliyotunzwa ndiyo yaliyotembea, na yasiyotunzwa yalilala juu ya mawe. Katika hali hiyo shule ikaarifiwa kuwa mgeni rasmi atakuja, naye atazungushwa shambani kwa Land Rover letu.

Ikatolewa amri kwamba harufu iondoke na gari lipakwe rangi. Tulijitolea wanafunzi sita, na mimi nikawa kiongozi wao, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza katika somo la kemia na nilijiona sana. Tulichukua mafuta ya taa na mchanga tukasugua chini yote mpaka weusi wa mzee ukatoka. Sakafu upande wa abiria ilikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja. Tulijaza magazeti kwa chini, tukapaka puti juu yake, tukalainisha kwa msasa. Kisha tukapaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye madirisha ya bweni, juu na chini, bila praima. Kazi yote ilichukua Jumamosi moja na Jumapili asubuhi.

Mzee alisimama akatutazama. Mwishowe alisema, "Wanangu, mnamvua nguo mgonjwa ili mumvike kanzu ya Idi."

Na mimi, mbele ya wenzangu, nikamjibu: "Mzee, zama za majahazi zimepita. Hizi ni zama za sayansi."

Wenzangu walicheka. Yeye hakusema neno. Alikwenda akanawa mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu. Mgeni rasmi alikuja, akalisifu gari, akaondoka.

Mwaka 1982, wakati wa masika, chesisi ilivunjika njiani nyuma ya giaboksi, usiku, ndani ya gari akiwamo mwanafunzi mgonjwa wa malaria kali. Alibebwa juu ya baiskeli mpaka hospitali, na alipona. Kikao kikakaa. Katika kitabu cha kumbukumbu za shule ikaandikwa kuwa sababu ni uzembe wa dereva katika utunzaji wa gari, na mzee akaachishwa kazi. Mimi nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne mwaka uliotangulia. Habari niliipata kwa barua ya rafiki. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka ndani ya kitabu. Sikuandika kwa mkuu wa shule, wala kwa mzee. Nilijiambia kwamba huenda kweli alizembea.

Gari lilichomelewa mara mbili tatu, likatembea tena kidogo, likasimama. Miaka mingi lilikaa nyuma ya karakana, kuku wakitagia humo. Mwaka 2014 lilipigwa mnada kama chakavu nami nikalinunua. Mke wangu aliniuliza kama nimepatwa na homa. Nilimwambia nataka kitu cha kufanya baada ya kustaafu, na hiyo ilikuwa nusu ya kweli.

Nililifanyia kazi nyumbani, chini ya paa la makuti, kwa miaka mitatu. Napenda niwaeleze vijana jinsi kazi hiyo inavyofanywa, maana nimeona mafundi wengi wa mitaani wakirudia lile tulilolifanya sisi mwaka 1980. Kwanza ni kuosha na kukausha, kama alivyofanya mzee. Pili ni nyundo ndogo: gonga chuma polepole kila inchi, usikilize. Chuma kizima hulia kama kengele, kilichooza hutoa mlio wa boga. Pale penye shaka chomeka bisibisi, na usiionee huruma rangi. Kilichooza kikatwe mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa pande zote, hata kama tundu la shilingi litakuwa dirisha. Kuchomelea bati jipya juu ya kutu ni kuifungia kutu chumba chake.

Nilikodi mashine ya kuchomelea na kijana wa kuitumia, kwani macho yangu si ya kazi hiyo tena. Mabati ya milimita 2 tuliyapinda kwa mkono. Baada ya kusaga viungo, chuma kilichobaki na madoa ya kutu nilikipaka asidi ya fosfori iliyozimuliwa, ambayo hugeuza kutu kuwa kitu kigumu cheusi. Kisha nikaosha na kukausha. Tanini huifanyia kutu jambo la namna hiyo hiyo, na tanini imejaa katika magome ya mikoko ya pwani yetu, ambayo enzi za Wajerumani yalisafirishwa Ulaya kwa kazi ya ngozi. Nilijaribu kuyachemsha magome hayo katika sufuria kuukuu, nikapaka kipande cha bati chenye kutu. Kiligeuka cheusi kama wino. Nilifurahi kama mtoto, ila kwa chesisi yenyewe nilitumia ya dukani.

Kosa langu moja na liwe somo. Jioni moja niliuacha mlango mmoja, ambao fremu yake ni ya chuma, ukiwa mtupu baada ya kuupiga msasa, nikaenda kulala nikisema praima nitapaka kesho. Asubuhi nilizikuta alama za vidole vyangu vitano zimeota kutu, safi kama muhuri wa polisi. Huku pwani chuma kilichovuliwa rangi kipakwe praima siku ile ile, wala kisiguswe kwa mkono mtupu, maana jasho nalo ni maji ya chumvi. Tumieni msasa wa maji, tena mzibe pua na mdomo, kwa sababu rangi nyingi za zamani zina risasi na vumbi lake ni sumu.

Alumini ina adabu yake. Brashi ya waya ya chuma isiiguse, kwani huacha chembe za chuma ndani yake nazo zitaanza kutu zenyewe. Nilipiga msasa namba 80 palipokwaruzika vibaya, kisha 180, kisha 320. Rangi ya kawaida haing'ang'anii juu ya alumini. Lazima kwanza ipakwe praima yenye asidi, nyembamba kama pazia. Mahali alumini inapolala juu ya chuma niliweka utepe wa mpira, ili zisigusane. Rangi ya mwisho tulipuliza kwa kompresa ya kukodi, kati ya saa nne na saa saba mchana, siku zisizo na upepo. Mapema zaidi ya hapo umande haujaisha, na unyevu hewani huifanya rangi ipauke kama imemwagiwa maziwa.

Katika kupiga msasa nilizikuta rangi zote za gari zimepangana kama pete za mti: chini kabisa kijivu cha kiwandani, juu yake buluu ambayo siikumbuki, kisha kijani chetu cha madirisha. Kijani hicho kilitoka kwa ukucha. Na kwenye sakafu, chini ya puti, niliyakuta magazeti. Puti ilikuwa imenyonya maji kutoka chini miaka yote ile. Herufi za ukurasa wa michezo zilikuwa bado zinasomeka, na pembeni, ndani ya puti yenyewe, ilikuwapo alama ya dole gumba. Sijui ni la nani kati yetu sita.

Lakini jambo lililonikalisha chini lilikuwa ndani ya chesisi. Nilipoikata nyuma ya giaboksi, pale ilipovunjika mwaka 1982, niliona kwamba bati lilikuwa limeliwa kwa nje, chini ya kijani chetu. Tulipaka juu ya chuma chenye mafuta mafuta na kutu, rangi ikainuka kama ngozi ya jipu, ikashika tope na maji ya chumvi kati yake na chuma. Mahali hapo lilikuwa limebaki jembamba kama karatasi. Karibu mita moja mbele yake, ambako mikono yetu haikufika kwa sababu ya tangi la mafuta, chesisi ilikuwa nyeusi ndani na nje. Nilikwangua. Chini ya ule weusi palikuwa na chuma cha rangi ya samaki mbichi, karibu unene wake wote wa kwanza. Ile milimita 2 niliipima mara tatu.

Baadaye nilisoma kwamba Robert Fergusson, nahodha wa meli mzaliwa wa Uskoti, aligundua kuwa mafuta ya samaki yaliyomwagika sitahani yanazuia kutu, na mwaka 1921 akaanzisha huko Marekani kampuni ya rangi ya Rust-Oleum juu ya msingi huo. Basi ile niliyoiita zama za majahazi ilikuwa inauzwa kwa makopo Marekani kabla baba yangu hajazaliwa.

Mwaka 2017 nilimtafuta mzee. Niliambiwa alifariki siku nyingi. Nilimpata binti yake, mama mtu mzima kuliko mimi, anaishi Kilwa Kivinje. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akanitengea chai. Nilikuwa nimefunga katika gazeti vipande viwili vya chesisi, kile chembamba na kile kizima, kila kimoja urefu wa shubiri. Nilimweleza yote, na lile neno nililomwambia baba yake nikalirudia kama lilivyokuwa. Alivishika vile vipande, kimoja kila mkono, kama mtu anayepima uzito wa samaki sokoni. Akaniambia kuwa baba yake hakupata kazi nyingine ya udereva, kwa sababu kila alipokwenda aliulizwa barua, na barua ilisema uzembe.

"Ahsante kwa kuja, mdogo wangu," akasema. "Na huko shuleni, mmeliandika hili?"

Nilimjibu bado. Ndiyo sababu ya makala hii.

Kitabu cha kumbukumbu za shule kipo, nimekiona, na ukurasa ule haujachanika. Nimeiomba kamati ya wahitimu iridhie kuandikwa maelezo mapya chini ya yale ya mwaka 1982, bila ya kufuta ya zamani: kwamba chesisi ilivunjika kwa sababu ya kazi iliyofanywa na wanafunzi sita mwaka 1980, na kwamba sehemu zilizotunzwa na dereva zilikutwa nzima. Kati ya wale sita, wawili wamefariki dunia. Watatu nimeongea nao kwa simu; wawili wamekubali kutia sahihi pamoja nami, mmoja anasema habari za zamani ziachwe zilale. Namwomba afikiri tena.

Siku ya mkutano wetu Land Rover litakuwa chini ya mwembe, kwa rangi yake ya kwanza ya kijivu. Anayetaka kulitazama chini atandikiwe gunia. Wengine mtalijua lilipo kwa harufu, kwani wiki iliyopita nimelimiminia sifa. Binti wa mzee amesema atakuja, na vile vipande viwili atavileta yeye. Mkuu wa shule wa sasa ameahidi kukitoa kitabu. Kalamu nitakuja nayo.